Nusu ya Mkufu

Mke wa mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba pale Shinyanga alikuwa mrembo wa kuudhi. Visigino virefu kwenye vumbi lote lile, miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa fundi wake wa nguo, na nilipompima gauni nilisahau hata namba za utepe.

Alikuwa na mkufu wa almasi, wa kizamani, aliorithi kwa bibi yake. Ulikuwa na ndoano ndogo ndogo. Ukizifungua, mkufu unakuwa bangili mbili. Miaka ya sabini, yeye na mumewe walipohama nchi, alizifungua mbele yangu akaniwekea bangili moja kiganjani.

“Fundi, hii yako.”

Nikasema asante, nikasema wabeja kwa Kisukuma, sijui nikasema na nini tena.

Mume wangu alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi, kule ambako mtu akitoka zamu hukaguliwa mpaka kwenye nywele. Alipoiona, alikaa chini. “Mama watoto, unataka nifungwe? Nani ataamini sikuitoa mgodini?”

Nikamwambia labda ni vioo tu. Nani agawe almasi kwa fundi cherehani? Lakini wa kumwuliza hatukuwa naye, maana anayezijua almasi ndiye angekwenda kutushtaki. Kumbe sheria iliwaandama wenye mawe ghafi, si pambo la mtu. Hilo nimelijua uzeeni. Wakati ule almasi kwetu ilikuwa jela, basi. Wiki mbili nilichanganyikiwa, nikiificha kwenye unga, mara ndani ya mto. Mwishowe nikaitupa chooni mchana kweupe, nikalia kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Baada ya miaka kama kumi yule mke wa mwenye kiwanda alirudi kutembea. Tulikutana njiani, karibu na kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikumbatia, kisha akautazama mkono wangu.

“Uliiuza?”

Aibu ikanibana. Nikasema ndiyo.

Akapiga makofi. “Ndivyo nilivyotaka! Ilikuwa almasi kweli, niliogopa usingeamini. Ulinunua nini?”

Ya kweli! Na mimi nimeitupa wapi! Sikuwa na cha kumwonyesha, nikanyoosha kidole kwenye mabati mapya ya jirani yangu, nikasema nilijenga.

Akafuta machozi ya furaha, akaomba nimkaribishe ndani ya nyumba ile.