Maziwa Yaliyoungua Siku ya Maombi

Juzi kwenye matanga huko Kapseret, sufuria ya chai ilifurika motoni, na ile harufu ya maziwa kuungua ikanirudisha kwetu, alasiri moja ya utotoni.

Akina mama wa kanisa walikuwa sebuleni, wameinamisha vichwa kimya. Mama alikuwa jikoni na chai yao. Siku za maombi sikuwahi kumwona ameketi. Lakini siku hiyo aliacha maziwa motoni, akaingia, akapiga magoti kando ya kochi. Nilimsikia akinong'ona jina la Kiprono, kaka yangu aliyekuwa amelazwa hospitalini.

Harufu ikajaa nyumba nzima.

"Mama Kiprono, maziwa!" mmoja wao akaita.

Mama akainuka mbio, hata amina hakusema. Nilimkuta akipangusa jiko, machozi yakimtiririka. Nilidhani analilia maziwa.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Ng'ombe tutamkamua tena jioni."

Akanipa vikombe niwapelekee wageni.

Kiprono hakurudi nyumbani. Na mpaka leo, mama haombi kabla hajazima moto.