Siku Marubani Walipobeba Mabango

Nimesafisha ndege kwa miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo sijawahi kumwona rubani akipita langoni bila kuvuta sanduku lake kana kwamba sanduku nalo lina cheo. Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa Southall, magharibi mwa London, na kazi yangu ni kuingia ndani ya ndege abiria wakishashuka na kuiacha safi kabla wengine hawajapanda. Tunapewa dakika ishirini na tano. Tunaokota magazeti, soksi, meno ya bandia, na nepi zilizokunjwa vizuri na kufichwa kwenye mfuko wa kiti kama zawadi. Choo cha nyuma ni changu. Choo cha mbele ni cha mwenzangu, mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeongoza kwaya kanisani kwao, ambaye husugua huku akiimba sauti ya tatu, bila kujali kwamba ya kwanza na ya pili hazipo.

Zamani tulikuwa wafanyakazi wa shirika lenyewe la ndege. Shati letu lilikuwa na nembo ileile iliyo kwenye mkia wa ndege, na mara moja kwa mwaka tulipata tiketi ya bei nafuu ya kwenda nyumbani. Asubuhi moja tukaitwa kwenye chumba cha mikutano, tukakaribishwa chai na biskuti. Hapo nilipaswa kushtuka, maana mwajiri wetu hakuwa mtu wa biskuti. Tukaambiwa usafi umepewa mkandarasi. Ndege zitabaki zilezile, vyoo vilevile, ndoo zilezile, ila kuanzia mwezi unaofuata sisi si watu wa shirika tena. Tukapewa mashati ya kijani. Tiketi zikaishia hapo.

Tuliandamana. Tulikuwa wanawake kama arobaini na wanaume wachache, tukasimama nje ya lango la wafanyakazi kwenye manyunyu, na mabango tuliyoyaandika kwa mkono yakichuruzika wino. Marubani walipita mbele yetu. Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana simu za kutazama. Mmoja tu alisimama, kapteni mrefu mwenye mvi zilizochanwa kwa nidhamu, akatueleza kwa upole mambo aliyodhani hatuyajui.

"Akina mama," alisema kwa Kiingereza cha mtu aliyezoea kutangaza hali ya hewa, "dunia ndivyo ilivyo siku hizi. Shirika linatakiwa kushughulikia kile linachokijua, yaani kurusha ndege. Mengine wapewe wataalamu."

Mwenzangu wa Bukavu alikuwa bado mgeni wa Kiingereza, akaniuliza mzee anasema nini. Nikamtafsiria.

"Kumbe sisi tuko bataalamu," akasema. "Bataalamu ba choo."

Hatukuambulia kitu. Baada ya wiki tatu tukarudi ndani na mashati yetu ya kijani, na kapteni yule akawa anapita karibu yetu kila siku bila kutuona, jambo ambalo si rahisi, maana kijani kile kinaonekana kutoka angani.

Miaka ikaenda. Kisha, mwaka juzi, shirika likaanza kugawa safari zake fupi. Edinburgh, Belfast, Jersey, zote zikapewa kampuni ndogo ya mikoani ambayo abiria hajawahi kuisikia wala hatakuja kuisikia. Ndege za kampuni hiyo zilipakwa rangi za shirika kubwa. Wahudumu wake walifungwa skafu za shirika kubwa. Abiria alinunua tiketi ya shirika kubwa na kupewa ileile biskuti ndogo ya shirika kubwa. Aliyekuwa wa kampuni ndogo ni yule tu aliyeshika usukani, tena kwa mkataba mwembamba kuliko wa wenzake. Yaani marubani walifanyiwa tulichofanyiwa sisi, ila wao hawakuvalishwa kijani.

Nilijua mambo yamekuwa mazito marubani walipoanza kutusalimia.

Kwanza ilikuwa kichwa kuinamishwa kidogo. Kisha ikawa "habari za asubuhi". Wiki moja baadaye rubani mmoja alinishikia mlango, nikabaki nimesimama na ndoo yangu nikidhani kuna mtu mkubwa nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Katika chumba chetu cha mapumziko, kilicho nyuma ya mahali pa kuhifadhia mikokoteni ya chakula, tulikuwa na mgeni wa kila siku. Alikuwa binti wa Kihindi kutoka Kenton, mtaa mwingine wa London, rubani wa ile kampuni ndogo. Kampuni yake haikuwa na chumba upande wetu wa uwanja, kwa hiyo alikuwa akila chakula chake ndani ya gari, mpaka siku alipotusikia tukiongea Kiswahili akasimama mlangoni. Bibi yake alizaliwa Kisumu, na nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kugombeza watoto. Alikisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, isipokuwa akitaka kitu. Akitaka kitu alisema, "Anti, mimi nakaa hapa, sawa?" na alikaa. Alivaa koti la usalama la kung'aa kama letu juu ya shati lake jeupe, akila thepla, zile chapati za Kigujarati za mama yake, na kutugawia.

Siku moja akiwa pale kwenye kona, Kapteni yule wa langoni akaingia. Mvi zilikuwa zimeongezeka lakini nidhamu ilikuwa ileile. Alitazama kuta zetu, sinki letu, kalenda yetu ya kanisa, kwa uso wa mtu aliyeteremka mahali ambapo hajapewa ramani yake.

"Akina mama," akaanza, "nimekuja kuwaomba jambo. Alhamisi tunaandamana nje ya makao makuu. Tunapenda sana muwe pamoja nasi. Sisi sote ni familia moja."

"Familia gani?" nikamuuliza.

"Familia ya shirika."

Nikashika kola ya shati langu la kijani nikamwonyesha jina la mkandarasi. Alilisoma kama mtu anayeliona mara ya kwanza, na nadhani kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Ulishawahi kuongea na sisi," nikamwambia. "Pale langoni, kwenye mvua. Ulituambia mengine wapewe wataalamu."

Alikunja uso akitafuta. Hakukumbuka. Niliona wazi kwamba hadanganyi, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angekana. Maneno yale mimi nilikuwa nimelala nayo na kuamka nayo miaka mingi, yeye aliyatupa njiani kama tiketi ya basi.

"Hili ni tofauti," akasema. "Hili ni suala la usalama. Wanawapa ndege watoto. Watoto waliotoka shule jana. Mtu anayejua kazi anaitambua tofauti mara moja, hata akiwa amefumba macho."

Binti wa Kenton akafunga kifuniko cha bakuli lake.

"Kapteni," akasema, "Jumatatu ulikuwa abiria wetu, safu ya tatu kutoka mbele, safari ya kutoka Edinburgh. Kulikuwa na upepo mkali wa ubavuni. Ulipokuwa unashuka ulimpa mkono rubani mwenzangu ukamwambia hajakosea hata inchi moja."

"Ndiyo," akasema Kapteni, akijaribu kuona anakoelekea. "Alitua vizuri sana."

"Nilitua mimi. Yeye alikuwa anashughulikia redio."

Kapteni akawa mwekundu kuanzia kola kwenda juu, taratibu, na mwenzangu wa Bukavu akaniambia kwa Kiswahili nisimtazame sana, atatuangukia hapa na zamu yetu inaanza. Binti akacheka kwa pua. Kapteni akasema samahani, akasema hakumkusudia yeye binafsi, akasema Alhamisi saa nane mchana, akatoka.

Tulibishana kama twende. Mimi nilisema siendi. Mwenzangu alisema tunaenda, maana hajawahi kuona mabwana wale wakinyeshewa na asingependa kulikosa jambo hilo. Nikamuuliza binti. Yeye hakuruhusiwa na kampuni yake kusogea karibu, na hata hivyo Alhamisi alikuwa na safari nne.

"Nyinyi nendeni," akasema. "Halafu mniambie kama wanajua kupiga kelele."

Hawakujua. Tulipofika baada ya zamu, marubani kama mia mbili walikuwa wamepangwa mbele ya jengo la vioo, wamevaa sare kamili na kofia, mistari ya dhahabu mikononi, wamenyooka, kimya kabisa. Mtu mmoja aliyepita na mbwa wake alivua kofia, akidhani ni mazishi. Mvua haikunyesha. Mwenzangu alisikitika waziwazi.

Mabango yao yalikuwa yamechapishwa kiwandani, na herufi zote zilikuwa zimenyooka. Kijana wa mawasiliano wa chama chao alitupokea kwa furaha kubwa, akatuweka mstari wa mbele, katikati, ambapo kijani chetu kingeonekana vizuri kwenye picha. Akamkabidhi mwenzangu bango.

"Limeandikwa nini?" akaniuliza, kwa sababu lilikuwa limemwelekea mpiga picha.

"Abiria halisi wanastahili marubani halisi," nikachungulia mbele nikamsomea.

Akalitazama kwa muda. Kisha akaligeuza, akawaonyesha wapiga picha upande mweupe usio na maandishi. Kijana wa mawasiliano akaja kulirekebisha. Akaligeuza tena. Mara ya tatu kijana akaacha.

Mara ikaja amri kwamba waimbe kaulimbiu. Mmoja akatoa simu akasoma mstari, na wengine wakajibu mstari wa pili, kwa sauti ya chini na ya uhakika, kama wanavyosomeana orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka. "Kazi yetu." "Haiuzwi." "Kazi yetu." "Haiuzwi." Ungedhani wanathibitisha kwamba milango imefungwa. Dirishani mwa jengo la vioo mtu mmoja alikuwa akimwagilia mmea wake.

Mwenzangu alivumilia kama dakika tano.

"Hawa batu habajue kulalamika," akaniambia. "Banasimama tu banangoja picha." Akanipa bango lake, akaenda mbele ya mia mbili wale, mwanamke mfupi mwenye shati la kijani na buti za kazi, akainua mikono miwili. Akawagawa kwa kidole: hawa sauti ya kwanza, hawa ya pili, nyinyi warefu besi. Marubani ni watu wa kufuata maelekezo, ndiyo kazi yao, basi wakafuata. Mara ya tatu sauti ilipanda mpaka ikagonga vioo, na yule wa dirishani akaacha mmea wake. Baadhi ya makapteni walivua kofia wakapunga. Mmoja alilia. Nakiri na mimi nilisisimka, na nilijichukia kidogo kwa kusisimka.

Ndipo Kapteni wetu akapanda kwenye kijukwaa na kipaza sauti. Alizungumza juu ya heshima ya kazi, juu ya watu waliojenga shirika kwa jasho lao, juu ya mabwana wa mahesabu wasiojua ndege inanukaje. Alizungumza vizuri. Akafika mwisho, akashusha sauti.

"Leo ni sisi," akasema. "Kesho itakuwa mtu mwingine."

"Na jana?" nikasema.

Sikupiga kelele. Lakini nilikuwa mstari wa mbele, mahali waliponiweka wenyewe, na kipaza sauti kilikuwa karibu. Sauti yangu ilizunguka uwanja ule mdogo ikarudi. Kapteni alinitazama, akatazama shati langu, na safari hii nikaona kitu kimemrudia, mvua labda, au lango. Marubani wachache vijana wa nyuma walicheka, kisha wakaacha. Kapteni akasema, "Ndiyo. Na jana," akashuka kabla hajamaliza karatasi yake.

Baada ya miezi kadhaa walipatana. Makubaliano yalitangazwa kama ushindi, na kwa Kapteni yalikuwa ushindi kweli. Rubani yeyote aliyekwisha kuajiriwa na shirika hataguswa mpaka astaafu. Safari fupi zitabaki kwa kampuni ndogo, na kila rubani mpya atakayeajiriwa atapitia huko, kwa mkataba uleule mwembamba, bila ahadi ya kuvukia shirika kubwa. Waliokuwa ndani wakafunga mlango kwa nyuma. Picha yetu ilitoka kwenye jarida la chama chao, mwenzangu akiwa ameinua mikono, na chini yake wakaandika kwamba umma uliwaunga mkono.

Binti wa Kenton alisoma makubaliano yale kwenye simu, kwenye kona yake, mara mbili. Alikuwa amesubiri miaka mitatu, tangu amalize shule ya urubani, shirika lifungue nafasi. Mwezi wa pili alipata kazi Ghuba. Siku ya kuaga alituletea sufuria nzima ya biriani ya mama yake, akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno, "Anti, mimi nakwenda. Nyinyi watu mzuri." Nikamrekebisha: watu wazuri. Akarudia.

Msimu wa masika mkandarasi wetu alitaka kutupunguza kutoka sita hadi wanne kwa kila ndege, katika dakika zilezile. Tukasimama tena langoni. Tulikiandikia chama cha marubani barua, wakajibu kwa karatasi nzuri kwamba wako nasi kimoyomoyo. Marubani mia mbili wa sauti ya kwanza na ya pili sikuwaona. Kapteni alikuja peke yake, bila sare, na jaketi la kuendea dukani. Mwenzangu alimpa bango bila kumuuliza, akalibeba nusu saa, kisha akasema ana safari ya Cape Town, na kweli alikuwa nayo, maana ndege ile tulikuwa tumeisafisha sisi asubuhi.

Tulimaliza na watu watano kwa kila ndege. Choo cha nyuma bado ni changu.