Meza Mpya na Nailoni Yake

Siku meza mpya ya stenlesi ilipofika maabara kwetu Musoma, pamoja na sinki lake, tulitoka wote nje kuipokea. Waliotuletea walisema chuma hicho hakishikagi kutu. Juu ilikuwa imefunikwa kwa nailoni nyembamba ya bluu, ile ya kiwandani. Mimi ndiye msafishaji, kwa mkataba wa miezi sita sita unaosainiwa na mkuu wa maabara. Tunamwitaga dokta, ingawa si daktari, na ukisahau kumwita hivyo barua zako zinachelewa.

Nilipoanza kubandua nailoni kwenye kona, dokta akanishika mkono. "Mama, acha hiyo. Unataka meza izeeke kesho?"

Nikamletea karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi. Ilikuwa na picha, hata asiyejua kusoma angeelewa: mkono unavua nailoni, halafu kitambaa laini na sabuni ya maji, halafu meza inakaushwa. Chupa ya klorini ilipigwa alama nyekundu ya kosa. Dokta aliitazama, akanirudishia.

"Hiyo ni ya huko kwao, hawana vumbi. Kwani wewe kochi lako nyumbani umelitoa nailoni?"

Kochi langu pale Bweri lina nailoni mwaka wa tatu sasa. Mgeni akikaa linapiga kelele, akiinuka linamng'ang'ania mapaja. Hapo aliniweza kabisa.

Basi nikawa nasafisha nailoni. Kila asubuhi, kwa klorini, kwa amri. Maji yakawa yanaingia pembeni na hayatoki, na baada ya miezi kadhaa nailoni ikaanza kututumka kama chapati kwenye kikaango. Harufu nayo ikaja. Nikamwambia dokta, akasema ni upepo wa ziwani. Aliwahi kuwaleta hata ndugu zake kutoka Butiama waione, akawa anaipapasa mbele yao. "Mpya kabisa," anasema. "Haijaguswa." Mimi niliyekuwa naigusa kila siku nilisimama hapo hapo na ndoo yangu.

Halafu ikaja barua ya ukaguzi. Dokta akaniita ofisini. "Mama, wakikuta hata doa moja, habari za mkataba usije kuniuliza mimi." Nina watoto wawili shuleni, na mkataba ule ndio ugali wao. Wiki ile yote niliogopa.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole. Aliipita darubini, akazipita chupa, akafika kwenye meza. Akaingiza ukucha chini ya nailoni, akavuta. Ikatoka yote kama ngozi ya samaki sato aliyeiva. Chini yake kulikuwa na vidoa vya kutu na uteute mweusi, na chumba kizima kikanuka.

"Nani alisema hii isitolewe?" akauliza.

Nilimtazama dokta. Dokta alikuwa anakagua dari. Nilimpa muda wa kutosha, Mungu anajua, lakini dari ilikuwa na mambo mengi.

"Ni mimi," nikasema.

Nilijichukia papo hapo, sidanganyi. Mkaguzi hakunigombeza. Aliandika muda mrefu, akasema kosa si langu, sikufundishwa, na kwamba atapendekeza msafishaji apelekwe mafunzo. Dokta akatikisa kichwa kwa huzuni. "Tunahangaika nao sana hawa," akasema.

Mafunzo yakaja kweli. Yalikuwa Bunda, siku tatu, hotelini, na chakula na posho. Barua ilisema wazi: msafishaji. Akaenda dokta.

Alirudi na cheti, fulana na begi. Asubuhi iliyofuata akatukusanya maabara nzima mbele ya ile meza. "Nailoni," alisema taratibu, kama anayewasomea watoto imla, "inatakiwa itolewe siku ile ile ya kwanza. Na klorini ikigusa stenlesi, isuuzwe hapo hapo, ikaushwe. Kuna mtu alikuwa analijua hili?"

Alikuwa ananitazama mimi. Mkataba wangu ulikuwa umeisha Ijumaa, na mpya ulikuwa ofisini kwake, haujasainiwa.

"Hakuna, dokta," nikasema, nikafungua daftari nikaanza kuandika.