Siku Mama Alipotafuta Munganga wa Macho

Harufu ya mafuta ya mashini ya kushona ikinipita barabarani, ninarudi utotoni, mtaani Kamalondo, papo hapo, nimeshika kitenge cha mama, tunatafuta munganga wa macho, daktari wa kumpima.

Mama alikuwa fundi wa nguo, na macho yalianza kumkatalia. Kutia uzi kwenye sindano kulimlia asubuhi nzima, na bila mashini hatukuwa na chakula. Muuza miwani wa sokoni alimvalisha miwani kama mia hivi.

"Mama, hii inakupendeza!"

"Papa, nilikuya kuona, hapana kupendeza."

Tukaendelea kuulizia. Mlango wa kwanza ukawa wa munganga wa meno. Tulitembea mpaka nikadhani tumefika Mokambo, kule mpakani! Mwishowe tukampata wa kweli, akamkalisha mama kitini mbele ya karatasi ya herufi iliyobandikwa ukutani.

Mama hakujua kusoma, na hakutishika hata kidogo. Kila karatasi iliyoingia nyumbani mimi ndiye niliyemsomea, nimeisogeza karibu na pua, basi akanivuta kando yake.

"Dokta, mutoto yangu iko anasoma masomo. Yeye atanisomea."

Munganga akacheka mpaka koti likatikisika. Mimi nikatazama kule, nikakaza macho, nikatazama tena.

"Soma, mama yangu," mama akanihimiza.

"Mama, naona ukuta tu."

Kicheko kikakatika. Mama akainuka na kunikalisha kitini pake.

"Dokta, anza na huyu. Mimi nitangoja. Leo hatutoki hapa."