Boma la Wazee wa Mama

Mama alipoambiwa hospitali kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata, hakulia. Alisema anataka kuliona boma la wazee wake kabla giza halijamkuta. Boma lenyewe liko juu ya kilima, kupita Kinyerezi, upande wa Pugu. Ni mahame ya kale yaliyozungukwa na handaki, na hakuna anayejua lilichimbwa na nani. Mimi, mtoto wa Mwananyamala, nilidhani ni maneno tu ya Wazaramo wanaopenda kujikweza.

Kwetu huingii pale mpaka mtani atangulie kuwatania waliolala humo, wasije wakakununia. Bahati nzuri niliolewa na mtani. Mume wangu ni Mnyamwezi na mdomo wake hauna breki.

Tulipita kati ya viwanja vipya vilivyopigwa bikoni, malori ya mchanga yakitutimulia vumbi, mpaka nyuma ya ukuta wa nyumba ya mwisho. Hapo njia ikaanza. Nilitegemea kichochoro cha mbuzi. Loo! Ilikuwa imezama ardhini hadi kiunoni mwangu, kingo zake laini, na hakuna jembe lililopita pale. Ni nyayo tu za watu, vizazi kwa vizazi. Nilivua viatu bila kuambiwa na mtu. Mama, aliyenishika bega tangu barabarani, akaniachia na kutangulia.

"Mama, hii si njia ya shamba," mume wangu alipiga kelele nyuma yetu. "Hii nyie mmeichimba kwa kucheza ngoma!"

"Na mizigo ya misafara mlibeba nyie Wanyamwezi!" Mama akamjibu bila kugeuka. Nilicheka mpaka pumzi ikanikata.

Kisha tukatokea juu, na kicheko kikaniisha. Handaki lilikizunguka kilima chote, refu kwenda chini kiasi kwamba nyumba yetu ingezama humo na bati lake. Miti mikubwa ilikuwa imeota ndani yake. Chini palijaa vigae vya vyungu na mavi ya chuma, mabaki ya watu waliofua majembe yao papo hapo. Mwili ulinisisimka. Hawa walikuwa watu wangu, na miye nilikuwa nikiwafanyia mzaha jikoni kwangu.

Tulisimama mlangoni pa boma, pale handaki lilipokatika, tukimsubiri mtani aanze.

"Mkwe wangu, vipi? Watanie basi tuingie."

"Siwezi, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeogopa."

Mama aliangua kicheko. "Mmesikia huko ndani? Mnyamwezi kawaogopa Wazaramo waliokufa! Utani gani tena unaupita huo?" Akamsukuma mgongoni, tukaingia.

Nilimshika Mama mkono nimwonyeshe handaki, miti, vigae, haraka haraka, kama anayeogopa duka litafungwa. Akautoa mkono wake.

"Hivyo navijua, mwanangu. Nenda kasimame pale mlangoni. Hapo ndipo bibi yako alipokuwa akisimama nilipokuwa mdogo. Geukia jua."

Nikaenda. Mama alifunika jicho bovu kwa kiganja, akaniangalia kwa lile lililobaki, kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kisha akaanza upya. Machozi yalinitoka, nikaogopa kuyafuta nisije nikajiziba uso.