Chuma Kitupu cha 404 ya Mama Clotilde

Zamani, pale Ndosho, mtaa wa mafundi mjini Goma, gari halikupakwa rangi mpaka livuliwe kwanza rangi ya zamani. Siku hizi fundi huziba mashimo kwa mastiki, ule udongo wa kuzibia mabati, hupuliza rangi juu ya kutu, mteja akaondoka anacheka, na fundi anayejali huonekana mgonjwa. Théogène Habarurema alikuwa mgonjwa wa namna hiyo.

Mama Clotilde alimletea Peugeot 404 ya marehemu mumewe. Alitaka jambo moja tu: Jumamosi, ikiwa nyeupe, imbebe binti yake Fabiola hadi kanisani kwenye harusi yake.

“Sipaki rangi juu ya kutu mimi,” Théogène akamwambia. “Kwanza nione ngozi yake.”

“Papa Théo, fanya unavyojua. Ila mutoto wangu asipande pikipiki na shela yake.”

Théogène akang'oa taa na vishikio. Akakwangua, akasugua kwa msasa na maji, na penye kona akatumia jiwe jepesi la volkano, kama alivyofundishwa ujanani. Rangi nyeupe ikatoka, chini yake kijani, chini ya kijani bluu.

Élisée, fundi wa kibanda cha jirani, aliyepaka juu ya kutu kama wengine, alisimama akitazama. “Muzee, kuku ananyonyolewa manyoya. Wewe unachuna mpaka mifupa!”

“Ndiyo maana supu yako haina ladha.”

Alhamisi mchana chuma kilibaki kitupu, kinang'aa kama sufuria mpya. Chuma kikishavuliwa hupakwa rangi ya chini ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana mvua ya Goma hushuka na moshi wa volkano ya Nyiragongo, hula hata mabati. Théogène ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hilo. Lakini miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kuona gari lililovuliwa hivyo. Akawaita mafundi waje watazame. Wakaja, wakapapasa milango, wakasifu. Akawaeleza, waliochelewa akawaeleza upya. Mvua iliwakuta bado wanapapasa, na turubai lake lilikuwa na matundu.

Ijumaa asubuhi gari zima lilikuwa na rangi ya chungwa bovu.

“Papa Théo,” Mama Clotilde akasema, “si nilisema nyeupe?”

“Ni kutu, mama. Nipe siku chache niisugue upya.”

“Harusi ni kesho.”

Élisée alikuwa amekwisha kufika, kopo mkononi. Safari hii hakutania. “Rangi ninayo, muzee.”

Théogène alimtazama mjane yule, ambaye hakuwa na kitu kingine cha baba cha kumpa bibi harusi. Akalipokea kopo. Akapuliza nyeupe juu ya kutu, tabaka mbili, mlango kwa mlango.

Jumamosi wakwe walilizunguka gari wakijitazama kwenye milango iliyong'aa kama kioo. Fabiola alikaa kiti cha nyuma, akalia vizuri, kama inavyotakiwa.

Jumatatu wakaja wateja watatu, wote wakitaka kazi kama ile ya Mama Clotilde. Théogène akawaonyesha kibanda cha Élisée.

“Lakini si wewe uliyeipaka?” mmoja akauliza.

“Ni mimi,” akasema. “Nendeni kwa Élisée.”