Runinga Isiyo na Chogo

Katika duka la kwanza tuliloingia Tunduma, mama alitoa kitambaa kwenye mkoba kabla hata hajamaliza kuitikia shikamoo ya muuzaji. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye maua makubwa na pindo lililochongoka mbele. Akakikung'uta, akakitandika juu ya runinga iliyokuwa ikionyesha samaki wa rangi. Kitambaa kikateleza nyuma, kikalala kwenye nyaya.

"Hii haifai," akasema. "Nionyeshe nyingine."

"Bamayo," muuzaji akaanza, yaani mama, maana mteja aliyetoka hapo alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka na Kibemba kilikuwa bado mdomoni mwake, "sisi tunaanza na inchi. Unataka inchi ngapi?"

"Nataka ya kukaa kitambaa."

Yule kijana alinitazama akiomba msaada. Mimi nilikuwa nimeshaigeuza runinga nyingine, natafuta sauti inatokea wapi. Niliacha shule mapema kwa sababu ya tabia hiyohiyo. Malori yalipita barabarani kila siku, na mwalimu hakuweza kuniambia yanaishia wapi, nikaenda kuangalia. Tangu hapo nimebeba mizigo mpakani, nimesaga mawe ya dhahabu karibu na Mkwajuni, nimetandika vitanda kwenye gesti moja ya Chapwa, na kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa.

Safari hii nilikuwa nimepita nyumbani Hasamba kusalimia tu. Nikakuta radi imeua runinga ya mama. Ilikuwa ya zamani, ile ya chogo, pana juu kama meza. Fundi wa Vwawa aliifungua, akanusa, akaifunga tena. Mama hakuililia runinga. Kahawa ilikuwa imelipa vizuri, na nyingine angenunua. Alichokuwa anakifikiria ni kitambaa.

Kitambaa kile alikifuma mama mkubwa, dada yake, aliyeolewa Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Bibi alipofariki, hao wawili waligombea kinu chake cha kutwangia, na kwa muda mrefu hawakusemezana. Mimi nilikuwa ndiye mjumbe wao, kwa kuwa nilivuka mpaka kila mara. Kisha Krismasi moja mama mkubwa akatokea bila taarifa, akafungua mkoba, akatandaza kitambaa juu ya runinga, akainyoosha ile ncha ya mbele, akakaa, akaomba maji. Hakuna aliyetamka neno kinu. Tangu siku ile kila akija hufanya hivyohivyo. Ananyoosha ncha kwanza, ndipo anakaa. Na Jumapili alikuwa anakuja.

"Sasa aje akute msamaha wake nimeufungia kabatini?" mama aliniuliza njiani. "Atasema bado nina kinyongo."

Tulizunguka maduka karibu yote ya mtaa ule. Kila mahali ilikuwa ileile. Runinga za siku hizi ni nyembamba kama daftari, na kitambaa kiliteleza mbele au nyuma, wauzaji wakicheka kwa adabu. Mmoja alimwambia, "Mama, wenzako siku hizi wanazitundika ukutani."

"Wenzangu hawamjui dada yangu."

Duka la mwisho lilikuwa na runinga ya chogo kweli, pembeni kabisa. Mama aliiona kabla yangu. Akatandika kitambaa, kikakaa sawasawa, ncha ikashuka mahali pake.

"Hii bei gani?"

"Hiyo haiwaki, mama," mwenye duka akasema. "Hicho ni kiti changu."

Mama akakaa juu yake, juu ya kitambaa na vyote. Alikuwa amechoka. "Basi turudi," akasema. "Bora nikae bila runinga, nitamwambia radi ilikula kila kitu."

"Hata kitambaa?"

"Hata kitambaa," akajibu, lakini alikuwa anakipapasa alipokalia.

Mwenye duka akapita kwenda stoo, akisukuma pazia la mlangoni. Nililitazama likirudi mahali pake. Kule gesti nilitundika mapazia mpaka nikayaota.

"Mama, kama kusingekuwa na kitambaa, ungechukua ipi?"

Hakufikiri hata kidogo. Akaonyesha iliyokuwa ukutani, yenye picha safi kuliko zote. "Ile. Mtu unaona hadi nywele zake alivyosuka."

"Basi kitambaa tukifanye pazia lake."

Alinitazama kama anavyonitazama siku zote, kama mtu anayehesabu miaka ya shule niliyoikimbia. Halafu akasimama, akakitanua kitambaa mbele ya ile runinga. Kilifunika vizuri pande zote. Mwenye duka akaona biashara inarudi, akaja mbio na kubwa zaidi. "Mama, kwa sebule yako chukua hii, inajaza ukuta!"

"Hiyo itabakiza masikio nje," mama akasema. "Mimi nafunika kichwa kizima."

Tukachukua ile ya kwanza.

Nyumbani niliitundika, nikapigilia misumari miwili juu yake na kuvuta waya katikati. Mama alisimama nyuma yangu akinikataza mkasi, sindano na karibu hata kupumua. Haikuhitaji chochote. Kitambaa cha kufuma kina matundu yake, waya ukapita humo kama uliumbwa nacho.

Jumapili mama mkubwa alipobisha hodi, mama akakimbilia jikoni kukoroga mboga iliyokuwa imekwisha kuiva. Nikabaki peke yangu.

"Mzururaji, bado upo?" mama mkubwa akaniuliza. Kisha akaangalia ile meza ya runinga, tupu. Macho yakapanda ukutani. Akasogea, akashika pindo, akaligeuza, akalikagua kama daktari.

"Mmekikata?"

"Hata uzi, mama mkubwa."

Hakuniamini. Mikono yake ikawa haijui iende wapi, nami nikabonyeza rimoti kwa haraka, nikasahau kufungua pazia. Runinga ikawaka nyuma ya kitambaa. Mwanga ukapita kwenye matundu, maua yote yakawaka, na katikati yake uso wa mtangazaji wa kike, mpole, akisoma habari ndani ya weupe ule. Mama mkubwa akarudi nyuma hatua moja. Nikasikia mwiko ukisimama jikoni.

"Mdogo wangu!" akaita kwa sauti ya kutikisa bati. "Njoo uone! Nimemvika mtu shela!"

Mama akaja na mwiko mkononi. Akatazama runinga, akamtazama dada yake, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikanyanyuka nifungue pazia.

"Wewe! Mwache bibi harusi wa watu," mama mkubwa akasema.

Akasogea tena ukutani, akaitafuta ile ncha, ikiwa sasa chini ya kidevu cha mtangazaji. Akainyoosha. Kisha akakaa, akaomba maji.